Sukari Imeshuka, Lakini Mafigo Je?

Juu ya chakula cha mgonjwa wa sukari, juu ya kutunza miguu na kuosha vidonda, mmekwisha kusikia mara nyingi, na wengine wenu mnaweza kunifundisha mimi. Leo sitayarudia hayo. Nataka kuuliza neno moja tu: hiyo dawa unayomeza kila siku, inalinda nini katika mwili wako?

Wengi watajibu upesi, “Inashusha sukari.” Jibu hilo si uongo, lakini halitoshi. Mimi mwenyewe nilitosheka nalo miaka mingi, na kwa sababu hiyo mtu mmoja aliumia mkononi mwangu.

Alikuwa mzee wa kanisa, fundi wa mbao. Wakati ule nilitumika katika kituo kingine, si hapa. Kila mwezi alikuja siku yake, hakukosa hata mara moja. Nilimchoma kidole, nikatazama hesabu ya sukari, ikawa nzuri, nami nikamsifu mbele ya wagonjwa wote: “Tazameni baba huyu, fanyeni kama yeye.” Nilimpa vidonge vya glibenklamidi, akaenda zake. Tansio, yaani msukumo wa damu, nilimpima vilevile. Ilikuwa juu. Nilimwambia apunguze chumvi, nikaiandika katika kadi, basi. Mkojo wake sikuupima hata siku moja, ingawa vijiti vya kupimia vilikuwamo katika kabati.

Baadaye akaanza kuanguka. Mara shambani, mara kanisani, jasho likimtoka, maneno yakimpotea. Tulipompima tukakuta sukari imeshuka mno. Nanyi sikieni ujinga wangu: nilifurahi! Nilisema, “Ugonjwa unaondoka, sasa anahitaji dawa kidogo tu.” Kumbe mafigo yake yalikuwa yanakufa. Figo likichoka haliwezi tena kuitoa dawa ile mwilini, inabaki siku nyingi ikishusha sukari tu. Nilidhani ni kupona, kumbe ilikuwa ni dalili ya mwisho. Viatu vikakataa kuingia miguuni, uso ukavimba asubuhi, tukampeleka lopitali kubwa. Albumini ilikuwa tele katika mkojo, na kreatinini, ambayo ni taka ya damu, imepanda sana. Mashini ya kusafisha damu haikuwapo. Katika nchi yetu mashini hizo ni chache, ziko katika miji mikubwa, na mgonjwa hulazwa juu yake mara tatu kila juma maisha yake yote. Nani kati yetu angeweza kulipa? Alikufa kabla ya mvua za kupanda.

Siku ya matanga mke wake aliniuliza kwa sauti ya upole, “Mwinjilisti, si ulisema sukari yake ni nzuri?”

Sikuwa na jibu. Maandishi haya ndiyo jibu langu, ingawa yamechelewa.

Mtu ana mafigo mawili, kila moja kama ngumi. Ndani ya kila figo mna vichungi vidogo sana, karibu milioni moja. Kwa siku moja mafigo huchuja kama lita 180 za maji ya damu, na karibu yote hurudishwa mwilini, tukakojoa lita moja au mbili tu. Kazi kubwa namna hiyo, wala husikii kelele. Sasa sukari nyingi ikikaa katika damu miaka mingi, na tansio ikisukuma kwa nguvu, vichungi vinaharibika kama kitambaa cha kuchujia kilichotumika mno. Kwanza albumini inaanza kupita. Albumini ni mali ya mwili, haifai kuonekana katika mkojo. Wakati huo hakuna maumivu, hakuna homa. Mtu analima, anaimba katika kwaya, anaoa mke. Miguu inapovimba, sehemu kubwa ya figo imekwisha kuharibika, wala hairudi.

Na moyo? Moyo na mafigo ni kama mume na mke, mmoja akiumwa mwenzake halali. Mishipa ileile iliyoharibika katika figo inaharibika katika moyo vilevile. Wagonjwa wengi wa sukari wenye mafigo mabaya hufa kwa moyo kabla mafigo hayajakoma kabisa. Kwa hiyo, ukinisikia nasema figo, usisahau moyo.

Sasa tuje kwenye dawa. Nitasema juu ya kila moja kwa kadiri ninavyoijua, na wapi ninaiamini na wapi siiamini.

Metformini ni ya zamani. Asili yake ni mmea mmoja wa Ulaya uitwao galega, na munganga Jean Sterne wa Ufaransa aliandika habari za kuwatibu watu nayo mwaka 1957. Mwaka 1998 Waingereza walitoa matokeo ya uchunguzi wao wa miaka mingi: wagonjwa wanene waliopewa metformini walipatwa na ugonjwa wa ghafula wa moyo kwa uchache kuliko wenzao waliopewa mashauri ya chakula tu, na waliokufa walikuwa wachache vilevile. Walioimeza katika sehemu ile hawakufika 350, si wengi. Hata hivi ni dawa njema, bei yake ni ndogo, na peke yake haiangushi mtu kwa sukari kushuka. Lakini haizibi matundu ya vichungi. Tena figo likidhoofika, munganga hupunguza kipimo chake, na likidhoofika sana huiondoa kabisa. Na ukipatwa na kuhara au kutapika kwingi, uache kuimeza mpaka unywe na kula tena, uje utuone.

Glibenklamidi mnaijua wote, kwa sababu inauzwa hata sokoni penye sabuni na betri. Inashusha sukari kwa nguvu, nalo ndilo jambo linalowapendeza wauzaji: mtu anaona hesabu imeshuka, anarudi kununua. Shirika la Afya la Dunia limeandika katika orodha yake kwamba dawa hii haifai kwa watu waliopita miaka 60. Mzee wangu wa mbao alikuwa amepita. Katika jamaa hiyohiyo iko gliklazidi, ambayo ni salama zaidi. Katika uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2008, wenye watu zaidi ya 11,000, kushusha sukari vizuri kwa gliklazidi na dawa nyingine kulipunguza ugonjwa wa mafigo: 5 katika 100 kwa upande mmoja, 4 katika 100 kwa upande wa pili. Moyo haukupata faida iliyoonekana wazi. Faida ni ndogo, lakini iko. Kama munganga amekupa gliklazidi badala ya glibenklamidi, usinung’unike kwamba amebadilisha dawa uliyoizoea.

Insulini ni jambo jingine kabisa. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1922, katika mji wa Toronto kule Kanada, kijana wa miaka 14 aliyekuwa karibu kufa alichomwa sindano ya insulini, wa kwanza katika wanadamu wote. Kabla ya hapo watoto wa namna yake walikufa tu. Kwa mtoto au kijana ambaye mwili wake hautengenezi insulini hata kidogo, usiulize kama inalinda figo au moyo. Ni uhai wake. Kwa watu wazima wenye ugonjwa ule wa pili, ulio wa kawaida, insulini inashusha sukari vizuri, lakini uchunguzi mmoja wa watu zaidi ya 12,000, uliotolewa mwaka 2012, ulionyesha kwamba haikuongeza wala kupunguza magonjwa ya moyo. Watu wetu wanaogopa sindano wakisema, “Insulini inaua mafigo.” Sivyo. Mara nyingi munganga anaianza wakati figo limekwisha kuharibika, ndipo watu wanaona sindano na kifo karibu karibu, wanadhani moja limezaa jingine.

Basi, sasa nafika kwenye dawa ninayoipenda kuliko zote, na cha ajabu, si dawa ya sukari!

Ni dawa ya tansio: kaptoprili, enalaprili na ndugu zao, au losartani. Hazigusi sukari. Lakini zinafungua mlango wa kutokea katika kile kichungi cha figo, hata msukumo wa ndani ukapungua, na albumini ikapungua kupita. Mwaka 1993 ilionyeshwa kwa wagonjwa 409 wanaotumia insulini tangu ujana: waliopewa kaptoprili, hatari yao ya kufa au kuhitaji mashini au figo la mtu mwingine ilikuwa nusu ya wenzao. Mwaka 2001 losartani ilijaribiwa kwa wagonjwa 1,513 wa ugonjwa wa sukari wa watu wazima, ambao mafigo yao yalikuwa yameanza kuharibika. Baada ya miaka mitatu na zaidi, mafigo yalikoma kabisa kwa watu kama 26 katika kila 100 wasiopewa, na kwa watu kama 20 katika 100 waliopewa. Watu sita katika mia. Hesabu watu mia kanisani, utazame sita mbele yako, ujue ni nani hao.

Kidonge hicho ni cha bei ndogo. Zinakohoza wengine, hasa kaptoprili na enalaprili, kikohozi kikavu cha usiku. Usizitupe, njoo tubadilishe kwa losartani. Mama mwenye mimba au anayetazamia mimba asizimeze hata moja, kwa maana zinamdhuru mtoto tumboni. Na damu ipimwe baada ya kuanza, kwa sababu kwa watu wengine kreatinini na potasi hupanda.

Mzee wangu alikuwa na tansio ya juu, kadi ilisema hivyo kila mwezi kwa mwandiko wangu mwenyewe. Enalaprili ilikuwako.

Baada ya hizo zimekuja dawa mpya, na habari zake zimefika mpaka vijijini kwa njia ya simu za mkononi. Ziko jamaa mbili.

Jamaa ya kwanza ni gliflozini: dapagliflozini, empagliflozini, kanagliflozini. Historia yake inafurahisha. Mwaka 1835 wataalamu katika Ulaya walitoa kitu kichungu katika gome la mti wa tufaha, na mwaka 1886 mtaalamu von Mering wa Ujerumani aliona kwamba kitu hicho kinamfanya mnyama kukojoa sukari. Watu walikaa nacho zaidi ya miaka mia bila kujua faida yake! Kazi yake ni hii: kwa kawaida figo huchuja sukari, kisha huirudisha yote katika damu. Gliflozini inafunga mlango wa kurudia, na sukari inatoka kwa mkojo. Maji na chumvi vinatoka kidogo pamoja nayo, na msukumo ndani ya kichungi unapungua. Kwa hiyo, ndugu, ukiona sisimizi wamekusanyika mahali ulipokojoa, na wewe unameza dawa hii, usishtuke, wala usiseme ugonjwa umezidi. Na mwuguzi akipima mkojo wako ataona sukari siku zote. Mwambie unameza nini.

Mwaka 2015 empagliflozini ilionyeshwa kwa wagonjwa zaidi ya 7,000 wa sukari wenye ugonjwa wa moyo. Katika miaka kama mitatu, kati ya watu 100 waliomeza kidonge kisicho na dawa, 6 walikufa kwa moyo na mishipa. Kwa wenye empagliflozini, hawakufika 4. Mwaka 2019 kanagliflozini, na mwaka 2020 dapagliflozini, zilionyesha kulinda mafigo. Katika uchunguzi wa dapagliflozini wa watu 4,304, kwa muda wa miaka miwili na miezi kidogo, walioharibikiwa sana na mafigo au kufa kwa figo au moyo walikuwa kama 14 katika 100 bila dawa, na 9 katika 100 wenye dawa. Na hata wale wasio na ugonjwa wa sukari, walio na mafigo mabaya tu, walipata faida hiyo. Mnaona basi? Faida haikutoka kwa sukari kushuka. Ndilo jambo nililokosa kulijua: hesabu ya kidole ni moja, na uhai wa figo ni mwingine.

Hasara zake: kuwashwa na ukungu sehemu za siri, kwa sababu ya sukari inayopita pale, basi oga kila siku ukajikaushe. Na iko hatari moja kubwa ambayo nitaisema mbele kidogo.

Jamaa ya pili ni zile sindano za mara moja kwa siku au kwa juma, liraglutidi, semaglutidi na ndugu zao. Ya kwanza ya jamaa hiyo, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2005, ilitokana na mate ya mjusi mmoja mkubwa mwenye sumu wa jangwa la Marekani. Mungu ameweka mambo mahali ambapo hatuchungulii. Liraglutidi ilionyeshwa kulinda moyo mwaka 2016, na semaglutidi ilionyeshwa kulinda mafigo mwaka 2024, kwa wagonjwa 3,533: hatari ya mambo makubwa ya figo na ya kifo cha moyo ilipungua kwa karibu robo. Zinapunguza unene pia. Nazo zinaleta kichefuchefu, zinataka friji kabla ya kufunguliwa, na bei yake ni mzigo. Shirika la Afya la Dunia limetia gliflozini katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2021, na sindano hizi mwaka 2025 kwa wanene wenye ugonjwa wa moyo au wa figo. Kutiwa katika orodha hakuleti sanduku kwenye kabati letu, lakini ni mwanzo.

Sasa nasema shauri langu, na ambaye hakubali aniambie.

Mgonjwa wa sukari akija na pesa kidogo, na pesa ni kidogo daima, kitu cha kwanza cha kununua si dawa. Ni kijiti cha kupima albumini katika mkojo. Cha pili ni kidonge cha tansio, ikiwa tansio iko juu au albumini imeonekana. Pamoja nacho metformini. Kisha, kama albumini iko au moyo umechoka, na jamaa wanaweza kununua kila mwezi bila kukoma, gliflozini. Sindano ya juma naiweka mwisho kabisa, kwa mnene mwenye ugonjwa wa moyo au figo na mwenye njia ya kulipa. Wagonjwa wetu wengi ni wembamba. Kumpunguza mwili mama ambaye mifupa yake inahesabika ni kumtibu kwa kitabu cha watu wengine. Na nasema tena bila kuficha: katika yale majaribio makubwa ya dawa mpya, watu weusi walikuwa kama 5 tu katika 100. Naamini figo ni figo, lakini ningependa kuona zaidi.

Munganga mmoja kijana, rafiki yangu, ananipinga. Anasema, “Vitabu vya sasa vinasema mwenye ugonjwa wa figo apewe metformini na gliflozini tangu mwanzo. Kwa nini umcheleweshe maskini?” Namjibu: katika majaribio yale ya figo, karibu wote waliopewa gliflozini walikuwa wanameza kwanza dawa kama enalaprili au losartani. Faida ile ilikuwa juu ya faida. Mtu akiezeka bati jipya juu ya nyumba isiyo na nguzo, amefanya nini? Nimeona jamaa waliouza mbuzi wawili kununua sanduku moja la dawa mpya, wakalimaliza, wakarudi bure bila dawa yoyote, hata enalaprili, kwa aibu ya kuja mikono mitupu. Dawa ya mwezi mmoja haimlindi mtu wa miaka ishirini.

Lakini katika neno moja alinishinda, nami nakubali. Tulikuwa na mama mmoja ambaye moyo wake ulichoka, alilala ameketi, amewekewa mito mitatu mgongoni. Mimi nilisema tungoje, dawa zilizopo zinatosha. Yeye alitafuta dapagliflozini, akaiongeza juu ya zile za kutoa maji na za tansio. Baada ya majuma machache mama alilala chali. Dawa ya maji ilifanya kazi yake, siwezi kusema ni ile moja tu. Hata hivi, tangu siku ile, kwa mgonjwa wa moyo uliochoka sisemi tena “tungoje.” Na bei imeanza kushuka: kule India viwanda vingi vilianza kutengeneza dapagliflozini mwaka 2020, na empagliflozini mwaka 2025, baada ya haki za wenye kuivumbua kwisha. Ukiuliza bei katika farmasi, uliza kwa jina la dawa lenyewe, usiulize kwa jina kubwa lililopambwa juu ya sanduku.

Sasa ile hatari niliyoahidi kusema. Ni juu ya kufunga, na hapa nasema kama mwinjilisti.

Katika makanisa yetu watu wanafunga siku tatu bila chakula na bila maji. Sikatazi kufunga, nimefunga mimi mwenyewe. Lakini mwenye kumeza glibenklamidi akifunga anaweza kuanguka asiamke. Na mwenye kumeza gliflozini asipokula, au akitapika, au akingoja kupasuliwa, damu yake inaweza kuwa na asidi kali ya kumwua, hata kama sukari ya kidole inaonekana karibu nzuri. Hilo ndilo linalodanganya wauguzi. Atapumua kwa nguvu, tumbo litamwuma, atatapika, nasi tutasema ni malaria. Kwa hiyo siku ya kutokula, au ya ugonjwa wa kuhara na kutapika, gliflozini iachwe, na mtu aje tumtazame. Mtoto wa insulini asipewe gliflozini kabisa, wala asiache insulini yake hata asipokula sana. Tuulize sisi kipimo.

Nanyi wachungaji, nawaomba kwa magoti: msimwite mgonjwa wa sukari mbele ya kusanyiko atupe sindano zake kuonyesha imani. Nimezika msichana wa miaka kumi na miwili kwa sababu hiyo. Zilipita siku nne tu. Luka alikuwa munganga, na Paulo hakumwambia atupe mfuko wake. Na mtu wa sukari aliye mgonjwa anaweza kusali kwa siku tatu akila bugali kidogo na sombe kwa saa zake; Mungu hatamkataa.

Neno dogo juu ya vidonge vya maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni, mnavyovimeza kwa mgongo baada ya kulima, vinaua figo lililochoka, zaidi vikichanganywa na enalaprili na dawa ya kutoa maji. Dawa za mizizi zinazouzwa katika chupa za maji, sijui ndani mna nini, wala anayeuza hajui. Nyingi ya kazi tunayoifanya kwa dawa nzuri inabomolewa na hizo.

Siku hizi kila Jumanne, kabla ya kidole, tunagawa vikopo. Akina mama walicheka mwanzoni, wazee walikasirika. “Munganga, mimi ninaumwa sukari, unataka mkojo wa nini?” Wamezoea sasa. Kijiti kikibadilika rangi tunaandika kwa wino mwekundu, na mtu huyo haondoki bila kupimwa tansio na kusikia habari ya enalaprili au losartani.

Mwaka huu alikuja mtu wa miaka 41, fundi wa mbao, kutoka upande ule nilikotumika zamani. Nilimjua kwa uso kabla hajasema jina la baba yake. Sukari yake ilikuwa juu kidogo tu. Nilimpa kikopo kwanza. Albumini ilikuwako, alama moja. Tansio 150 juu ya 95. Ameanza enalaprili na metformini, na ndugu zake wameketi kuhesabu kama wataweza gliflozini kila mwezi. Sijasikia bado walivyokata shauri. Atarudi baada ya majuma mawili tumpime kreatinini. Mama yake alimsindikiza. Aliketi kibarazani pamoja na wengine, akaniangalia nikiandika katika kadi, naye hakuuliza neno.